Shajara ya kaunta nyeupe: kufufua kaunta na sinki la jikoni, Kijitonyama

Jumamosi, 14 Juni 2025: hali ya kuanzia

Kaunta ina umbo la L, nyeupe yenye vidoadoa vya kijivu, na sinki lake ni la rangi hiyohiyo, limeungwa nayo bila mshono wa kuonekana. Mwenye nyumba anasema ni marumaru. Fundi bomba aliyekuja kubadilisha koki alisema ni granaiti. Si marumaru wala si granaiti, na ni muhimu kulijua hilo kabla hujanunua dawa yoyote, maana kinachofaa kwenye jiwe kinaweza kuharibu kaunta hii, na kinachofaa kwenye hii kinaweza kuharibu jiwe.

Hii ni akriliki, yaani plastiki ngumu, iliyochanganywa na unga wa madini. Takribani theluthi moja ni akriliki, theluthi mbili ni unga mweupe unaotokana na bauksaiti, madini ya kutengenezea alumini. Kampuni ya DuPont ya Marekani ndiyo iliyoibuni mwaka 1967 na kuiita Corian. Baadaye makampuni mengine yakatoa za kwao, LG walitoa HI-MACS, lakini mafundi wengi huita zote korian. Kuitambua si kazi. Weka kiganja asubuhi: jiwe huwa baridi, hii haina baridi hiyo. Kisha ingia chini na tochi uangalie ukingo usiopakwa kitu. Rangi ya juu na ya chini ni moja, imepita hadi ndani, na ukikwangua kidogo kwa msasa unapata unga mweupe mlaini. Ingekuwa fomaika, ile karatasi ngumu ya plastiki inayobandikwa juu ya ubao, ungekutana na mbao.

Matatizo niliyoyakuta: sinki lote lina utando wa rangi ya chai ya maziwa, mzito zaidi kuzunguka koki. Karibu na jiko kuna madoa ya bizari ya manjano yaliyobaki tangu biriani ya Idd. Mbele ya sinki pamejaa mikwaruzo ya kisu. Kuna pete ya kahawia ya sufuria. Na pembeni ya tundu la maji machafu kuna ufa mwembamba, urefu wa kidole.

Ushauri wa mwenye nyumba ulikuwa mfupi: "Wewe piga msasa tu, rangi itarudi." Nakubaliana naye kwamba msasa utafika zamu yake. Ila kitu hiki hakinyonyi maji, kwa hiyo uchafu mwingi umekaa juu yake, haujaingia ndani. Ukipiga msasa juu ya utando unaziba karatasi kwa uchafu na kula kaunta nzima kwa kosa la utando wa juu. Ndiyo maana mpango wangu unaanza na utando, halafu madoa, msasa ni wa tatu. Ufa utasubiri.

Jumapili, 15 Juni: utando wa sinki

Sabuni ya maji na maji ya moto kidogo: mafuta yalitoka, utando ukabaki vilevile. Magadi ya kuokea na sponji ya kijani: palififia kidogo, mkono ukachoka sana. Hapo ndipo nikakata ndimu na kuisugua kwenye kona ya sinki. Inama usikilize: kuna mchirizo mdogo kama soda inayokatika, na ukitazama kwa karibu unaona vipovu vidogo vikipanda kwenye ule utando. Hiyo ni chokaa ya maji ikiliwa na asidi. Jibu likapatikana kwa ndimu ya shilingi mia mbili.

Chanzo ni maji yetu wenyewe. Siku za mgao tunapata ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yale ya mto Ruvu, na siku nyingine tangi la juu linajazwa ya kisima. Wenye visima Dar mnajua: sabuni haitoi povu, birika linaota gamba ndani. Maji hayo yakikauka juu ya kaunta, maji yanaondoka, chumvi na chokaa vinabaki. Ongeza sabuni na mafuta ya samaki, kila siku tabaka jembamba, na baada ya mwaka una ukoga.

Kilichofanya kazi: siki nyeupe nusu, maji nusu. Nililowesha vitambaa vya pamba, nikavibandika kwenye kuta za sinki (ukimwaga tu inateremka yote kwenye tundu), nikaacha dakika kumi, nikasugua kwa duara na sponji ya kijani, nikasuuza kwa maji mengi. Utando ulitoka kama tope la kijivu. Shingo ya koki ilihitaji kurudiwa na siki isiyochanganywa, na mswaki wa zamani.

Jirani wa ghorofa ya juu alipita, akaniona nahangaika, akasema: "Dada, mimina dawa ya choo, ngoma inaisha sasa hivi." Nikaijaribu chini ya ukingo, mahali pasipoonekana, kiasi cha kijiko. Ndiyo, inang'oa chokaa papo hapo. Pia iliacha doa jeupe la chaki, ukipitisha kidole unahisi ukwaruvu. Ule unga wa madini ulio ndani ya kaunta huyeyushwa na asidi kali, na huyeyushwa vilevile na kostiki soda ya kuzibulia mabomba. Ukilazimika kuzibua bomba, tumia pampu ya mpira au fungua mtego wa chini (ile kona ya bomba chini ya sinki), usipitishe dawa hizo kwenye sinki la aina hii. Siki na ndimu ni asidi dhaifu, lakini nazo ni za dakika, usiziache zikalala.

Gharama: siki chupa mbili 6,000, ndimu 500, sponji 2,000, vitambaa 4,000.

Jumamosi, 21 Juni: manjano

Dada anayenisaidia kupika alitangulia na sabuni ya mche. Doa la njano likageuka rangi ya damu ya mzee mbele ya macho yetu, akaruka nyuma: "Dada, nimeiunguza!" Hajaunguza kitu. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na sabuni kali au magadi, inakuwa nyekundu iliyoiva, na ukiipangusia ndimu inarudi njano. Inatisha kwa macho tu. Lakini pia inaonyesha kwamba sabuni peke yake haiondoi doa hilo, inalibadilishia nguo.

Dawa yake ni jiki. Nilianza na chupa iliyokuwa stoo, nusu kwa nusu na maji, na haikutokea lolote. Nilikaribia kuamini kwamba rangi imeingia ndani. Kumbe jiki huisha nguvu ikikaa, na joto la stoo za Dar linaiharakisha. Chupa mpya ya dukani, 4,000, kipimo kilekile, kitambaa kilicholoweshwa na kuwekwa juu ya doa kwa robo saa: rangi karibu yote ikaondoka, pakabaki kivuli. Kivuli hicho sikukishughulikia tena. Dirisha la jikoni linaelekea magharibi, na mwanga wa jua huifubaza rangi ya manjano wenyewe. Nikaacha pazia wazi jioni, na ndani ya wiki siwezi kukionyesha kilipokuwa.

Kwa sinki, utaratibu ni huohuo kwa wingi: ziba tundu, jaza robo kwa jiki na maji sawa kwa sawa, acha robo saa, kisha zibua huku unasugua kuta wakati maji yanashuka. Suuza.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Jiki na siki havikutani. Wala jiki na ndimu, wala jiki na dawa ya choo, kwani zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na jiko dogo lenye dirisha moja si mahali pa kuijaribu. Jiki na dawa za vioo zenye amonia nazo zinatoa gesi ya sumu. Ndiyo sababu siki ilikuwa Jumapili iliyopita na jiki leo, na katikati nimesuuza kwa maji tele. Glavu 3,000, dirisha wazi, na nguo unayovaa iwe ile usiyoionea uchungu.

Jumamosi, 28 Juni: msasa, na fundi wa terazo

Nilileta fundi aliyependekezwa na mwenye nyumba. Ni fundi mzuri wa terazo, sakafu ya ukumbi wa chini ni kazi yake na inapendeza. Alikuja na grainda na diski ya msasa. "Bosi, hii nikipiga diski utajiona uso." Tulikubaliana aanze sehemu ndogo, kando ya sinki.

Sekunde chache tu. Terazo ni ngumu, inastahimili mzunguko huo. Akriliki inapata joto, inalainika, na diski inazama. Tulipozima mashine palinuka plastiki iliyoungua, mikwaruzo ya kisu ilikuwa imepotea kweli, na mahali pake pamebaki mbonyeo wa ukubwa wa sahani ya chai. Kwa macho ya kawaida huuoni. Washa tochi ya simu, ilaze ubapa juu ya kaunta, mwanga unapita ukikata, na shimo linajitokeza kama dimbwi. Fundi naye alipoona alikubali mara moja, akakunja waya. Nikamlipa 20,000 ya kuja na kurudi, hatukugombana.

Msomaji mwenye mashine: inayofaa ni ile ya kutetemeka ya maseremala, yenye mwendo wa taratibu, si grainda. Asiye nayo atumie mkono na kipande cha ubao.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba): kufuta mbonyeo na mikwaruzo

Sikukuu, nyumba tulivu, watu wako viwanjani. Kazi ilichukua asubuhi yote.

Vifaa: msasa wa maji namba 220, 320 na 400, karatasi tatu za kila namba, 1,500 kwa karatasi moja. Ubao uliofungwa msasa, bakuli la maji yenye tone la sabuni, penseli, tochi.

Penseli ndiyo ufunguo. Chora mistari mepesi ya kukatana juu ya eneo lote, kisha sugua. Mistari ikibaki mahali, msasa haujafika hapo, yaani hapo ni bonde. Ikiondoka yote, uko sawa, chora tena, badilisha namba. Bila penseli unasugua kwa imani.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kusugua pale penye mkwaruzo tu. Ukifanya hivyo unachimba shimo la pili. Mkwaruzo wa urefu wa kidole nilisugua eneo la upana wa sinia, nikianza ukutani kuja mbele, halafu kushoto kwenda kulia, kila mpigo ukipanda nusu ya mpigo uliopita. Kuhusu mbonyeo wa grainda, hauwezi kuujaza. Unachofanya ni kushusha kingo zake taratibu hadi bonde liwe mteremko mrefu usioshikwa na mwanga. Kaunta ina unene wa milimita 12 hivi, kwa hiyo kuna nafasi, lakini si ya kuchezea.

Maji yana faida mbili: vumbi haliruki, na karatasi haizibi. Kabla ya kuhamia namba inayofuata suuza kila kitu, ubao pia. Punje moja ya 220 ikibaki wakati uko kwenye 400 inachora mkwaruzo mpya, na utarudi nyuma hatua mbili kwa ajili ya punje.

Mwisho ni sponji ya kijani na unga wa kusugulia, kwa duara, kaunta nzima mpaka kwenye kona. Hii ndiyo inayofanya eneo lililopigwa msasa lifanane na ambalo halikupigwa. Ukiiruka hatua hii utaona viraka kila taa ikiwashwa.

Matokeo: mikwaruzo imekwisha. Mbonyeo, tochi bado inauona kidogo. Jicho haliuoni.

Jumamosi, 12 Julai: pete ya sufuria

Akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi 105 hivi za Selsiasi. Maji yanayochemka ni 100. Mafuta ya kukaangia maandazi yanapita 170. Hesabu hiyo ukiwa nayo kichwani, huweki karai kwenye kaunta tena.

Nilianza na 220 kwenye pete. Tabaka la kahawia la juu lilitoka haraka, chini yake pakawa na njano hafifu iliyoingia zaidi, na nikasimama hapo. Ningeendelea ningepata weupe pamoja na bonde jingine. Pete imebaki, hafifu, na kibao cha kukatia mboga sasa kinakaa juu yake. Dawa kamili ni kukata duara na kupachika kipande kipya cha rangi ileile, kazi ya karakana, na kwa pete hii sioni kama inastahili pesa.

Jumamosi, 19 Julai: ufa, jaribio la gundi ya dukani

Ufa wa pembeni ya tundu haukutokana na kugongwa. Unatokana na kumwaga maji ya kuchemsha tambi na viazi moja kwa moja kwenye sinki lililopoa, kila siku, mahali palepale. Sehemu moja inatanuka ghafla, ya jirani haijatanuka, na sehemu nyembamba kuzunguka tundu ndiyo inayoachia. Kinga yake haina gharama: fungua koki ya maji baridi kwanza, iache iendelee, ndipo umwage.

Nilijaribu gundi ya mirija miwili ya duka la vifaa vya ujenzi, 7,000. Niliusafisha ufa kwa spiriti, nikaukausha kwa feni, nikapaka, nikaacha usiku kucha bila kutumia sinki. Asubuhi palikuwa pagumu na pasafi.

Jumamosi, 2 Agosti: ufa, kwa karakana

Gundi ya dukani imegeuka njano na ufa umefunguka tena pembeni yake. Imeshika juu tu, haikuingia.

Nikaenda karakana moja njia ya Mwenge wanaotengeneza kaunta za mapokezi. Wao wana gundi ya akriliki yenyewe, ya rangi ya kaunta, inayochanganywa na kiamshi chake (dawa ya kuigandisha) na kushikamana na kaunta kama kitu kimoja. Walitaja 650,000 kubadilisha sinki zima, au 110,000 kuziba ufa. Nikachagua kuziba.

Kijana waliyemtuma alifanya jambo ambalo sikulitegemea: badala ya kuuziba ufa, aliupanua. Akauchimba kwa kibiti chembamba ukawa mfereji wa umbo la V kutoka mwanzo hadi mwisho, akapita hata kidogo mbele ya pale unapoonekana kuishia. "Dada, ufa unaisha mbele zaidi ya jicho." Akajaza gundi hadi ikavimba juu ya usawa, kisha akaingia chini ya sinki na kubandika kipande cha akriliki kama kiraka cha ndani, kwa gundi ileile, na kukibana kwa kipande cha mbao. Ilikauka chini ya saa moja. Kilichovimba alikishusha kwa patasi na msasa, kuanzia 220, hatua zilezile za Sabasaba.

Nilimuuliza kuhusu kung'arisha, maana mwenye nyumba anataka kaunta ing'ae kama vigae vya benki. Akacheka. Inawezekana, alisema, kwa msasa wa namba za juu na waksi, na itang'aa mpaka siku ya kwanza utakapoburuza sufuria. Nami naona hivyohivyo. Weupe uliofifia, usio na kioo, unaficha mikwaruzo midogo, na ukitaka kuurudisha unahitaji sponji na unga wa kusugulia. Mng'ao unahitaji fundi. Kwa nyumba inayopika ugali kila siku sioni hoja ya kuchagua mng'ao.

Jumamosi, 30 Agosti: hali ya sasa

Ufa umetulia. Ukilowesha sinki na kupitisha ukucha hutahisi kitu chochote, ila rangi ya gundi ni nyeupe zaidi kwa kiasi kidogo kuliko kaunta.

Matumizi yote ni 170,000. Ndani yake 27,000 ni ya grainda na ya mirija miwili, na anayefuata shajara hii anaweza kuziacha mfukoni.

Matunzo tumeyapunguza hadi yale yanayofanyika kweli. Usiku, baada ya vyombo, kaunta na sinki vinaoshwa kwa sabuni ya maji, vinasuuzwa, na vinakaushwa kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikavu ndicho kinachobishaniwa hapa nyumbani, kwa sababu desturi ni kupangusa kwa kitambaa kibichi na kuacha pakauke penyewe, na hapo ndipo utando unapozaliwa upya. Sponji ya chuma imeondolewa jikoni, inaacha vipande vinavyopata kutu na kutia madoa. Kisu ni juu ya kibao. Karai linashukia kwenye kigae kilichobaki ujenzini, kimebandikwa vipande vya mpira chini.

Wiki hii tangi lilijazwa maji ya kisima mfululizo, na shingo ya koki imeanza kuwa na mstari mweupe. Kitambaa cha siki, dakika kumi, ukatoka. Wiki za maji ya Ruvu hauonekani, kwa hiyo siku ya siki haipangwi kwa kalenda. Tunaangalia bomba lipi limefunguliwa.